Ubao Uliopita Shavuni

Katika mtaa ule wa mafundi, meza haikuhesabiwa kuwa imekwisha mpaka ipite shavuni kwa Fundi Shavu. Hata aliyenunua kiti kwa fundi mwingine kabisa, upande wa pili wa barabara, alikibeba kichwani mpaka kwenye karakana ya mzee, akakitua na kusema, "Fundi, nipitishie shavu hapa." Naye mzee alifuta vumbi kwa kiwiko, akainama polepole, akafumba macho na kulaza shavu lake la kushoto juu ya mbao, kama mtu anayetaka kusinzia. Alitulia hivyo kitambo. Kisha aliinuka na kusema, "Pale ukingoni arudie," au, "Nenda nacho, kiko sawa," na mjadala uliishia hapo.

Watu hawakukosa maelezo. Wapo walioapa kwamba mzee huzisikia mbao zikimwambia zilikotoka. Mchomeaji vyuma wa jirani, mtu ambaye mdomo wake haukupumzika hata alipokuwa nyuma ya kile kioo cheusi cha kuchomelea, alisema mzee anazibusu mbao kwa sababu nyumbani habusiwi. Wateja walifurahi. Walirudi makwao wakawaambia wageni, "Hii imepita shavuni," na wageni wakatikisa kichwa kwa heshima. Watu wakishapata hadithi tamu, jamani, nani atajisumbua kuuliza ya kweli?

Ya kweli ilikuwa fupi. Vidole vya Fundi Shavu vilikuwa vimekufa ganzi, vyote, kuanzia kwenye kucha mpaka karibu na kifundo cha mkono. Alipovishikisha kitu vilishika, alipoviagiza kazi vilifanya, lakini habari hazikurudi. Havikumwambia hili ni laini au lile linakwaruza, hiki cha moto au kile cha baridi. Shavu ndilo lililobaki likimletea habari, naye akalitumia.

Havikufa kwa siku moja. Kwanza vilianza kumwashawasha asubuhi, kama vile amevilalia. Kisha, siku za baridi, ncha zake zikawa zinageuka nyeupe, naye akavipulizia pumzi na kucheka. Halafu asubuhi moja akashindwa kufunga vifungo vya shati bila kuvitazama. Kila hatua aliizoea kabla hajapata wasaa wa kuiogopa, na hilo ndilo balaa lenyewe. Zilizovimaliza ni mashine za msasa, zile za bei poa zinazonguruma na kutetemeka mpaka meno yanagongana, ambazo alizikumbatia kutwa nzima, miaka nenda miaka rudi, akijisifu kwamba amezipata kwa bei ya bure.

Maana mzee huyu alikuwa na msimamo wake kuhusu mashine, na mtaa mzima uliujua. "Mashine ni mashine," alisema. "Ukinunua jina kubwa, hilo jina litakusaidia kubeba meza?" Watu walicheka, na yeye akiwaona wanacheka aliongeza chumvi. Ukutani, juu ya meza yake ya kazi, zilining'inia mashine zake zote zilizokufa, kila moja imefungwa kwa waya wake wenyewe wa umeme. Mchomeaji aliuita ukuta ule makaburini. Mzee hakutupa kitu. Huyu alitoa beringi, yule akatoa swichi, na kaboni za marehemu mmoja, vile vijiwe vya kupitisha umeme, zilikuwa zinafanya kazi ndani ya tumbo la mwingine ambaye naye hali yake ilikuwa ya kuombewa.

Alasiri, kazi ikipoa, jua lilipenya kwenye matundu ya bati na kusimama ndani ya karakana kama fimbo nyingi zilizoegemezwa. Vumbi la mbao lilipanda na kushuka ndani ya zile fimbo, taratibu, bila haraka ya kwenda popote. Hapo mzee alijilaza juu ya maranda, ule utitiri wa magamba mepesi yanayotoka kwenye randa, akafumba macho, na vidole vikarudi. Ndotoni vilirudi kila siku. Aliviweka chini ya bomba na maji yakapita katikati yake, baridi, moja baada ya jingine. Alivipitisha kwenye nywele za mwanawe, zile nyororo za utotoni ambazo hazishikiki. Alivilaza ndani ya kifundo cha mkono wa mkewe, pale ambapo damu hugonga. Akiamka hakufumbua macho haraka. Alikaa hivyo hivyo, mikono mizito juu ya mapaja, akijifanya bado.

Basi huyo mwanawe ndiye mwenye kisa hiki. Alikuwa mtoto wa pekee, binti, na alikuwa amekwisha kuwa fundi kamili aliyefanya kazi bega kwa bega na baba yake. Mtaa ulimwita Kipimo, kwa sababu hakukata hata kijiti bila kukipima, kukipima tena, na kumuudhi kila aliyekuwa akingoja. Kipimo alikuwa amepata kazi ya kutengeneza meza za maktaba. Si meza moja wala mbili, bali chumba kizima cha meza ndefu, na nyuso zake zote zipigwe msasa mpaka daftari liteleze lenyewe. Kazi ya miezi. Na wiki hiyo hiyo mashine yao ya mwisho ya msasa ilitoa moshi, ikakohoa, ikaenda kupanda ukutani kwa wenzake.

Asubuhi waliyopanga kwenda kununua nyingine, walikunywa chai kwanza pale pale karakanani, wamekaa kwenye mabaki ya mbao. Kipimo alinyanyua kikombe, akakirudisha chini upesi, akaukung'uta mkono wake wa kulia kama mtu anayekung'uta maji.

"Una nini mkononi?" mzee akauliza.

"Si kitu, Baba. Nimeulalia tu."

Mzee alibaki ameshika kikombe chake hewani. Nimeulalia tu. Maneno hayo hayo, neno kwa neno, aliwahi kumwambia mkewe asubuhi moja ya zamani, akifunga vifungo vya shati. Akamtazama binti yake akipiga chafya za vumbi na kucheka mwenyewe, akaona miezi yote ile ya meza ndefu imejipanga mbele yake.

"Nimewaza," akasema, "labda safari hii tutazame ile Kijivu."

Hapo inafaa ujue kwamba mtaani mashine hazikuitwa kwa majina yaliyoandikwa ubavuni. Ziliitwa kwa rangi. Zambarau ilikuwa ile ya bei nafuu, ambayo kila fundi alianza nayo na wengi walimalizia nayo. Kijivu ilikuwa ile ya gharama, iliyokaa ndani ya sanduku lake lenye sifongo, na wengi waliijua kwa kuitazama kupitia kioo.

Kipimo alimgeukia taratibu. "Kijivu? Baba, unaumwa?"

"Nimesema tutazame. Kutazama kuna ubaya gani?"

"Kwa bei ya Kijivu moja nachukua Zambarau tatu. Moja ikifa, ya pili inaingia kazini, ya tatu inangoja zamu. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

"Kijivu ina vipuri vyake, ikiharibika inatengenezeka."

"Zambarau haihitaji vipuri, inahitaji mazishi!" mchomeaji akadakia kutoka ng'ambo ya ukuta, na cheche zake zikaruka kana kwamba nazo zinacheka.

"Kijivu inavuta vumbi lake yenyewe," mzee akaendelea, akijitia hamnazo.

"Nitajifunga kitambaa puani."

"Kijivu haitikisi..." Akakwama.

"Haitikisi nini?"

"Haitikisi mkono."

Kipimo aliangua kicheko. "Baba! Wewe ndiye uliyesema anayeogopa kutikiswa akafume vitambaa."

Alisema, ni kweli. Aliyasema mbele ya watu, na watu wakavunjika mbavu. Sasa yalimrudia kwa sauti ya mtoto wake mwenyewe, na hakuwa na pa kuyaweka.

Angeweza kumwambia pale pale, mwanangu, tazama vidole hivi. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini fundi asiye na vidole ni fundi gani? Mtaa ungejua kwamba lile shavu wanalolisifia halikuwa kipaji, lilikuwa mkongojo. Ungecheka, na baadaye, kibaya zaidi, ungemhurumia. Nani angembebea kiti kichwani tena? Na Kipimo angemvua ile aproni siku hiyo hiyo na kumkalisha nyumbani. Mzee alitaka vyote viwili, vidole vya mwanawe vipone na jina lake libaki. Akameza maneno pamoja na chai, na njia nzima ya kwenda dukani akawa anatafuta namna ya kuvipata vyote.

Na namna aliipata, au alidhani ameipata.

Mwenye duka la mashine aliitwa Waranti, kwa kuwa alitoa waranti, yaani dhamana, kwa kila kitu, hata kwa msumari, hata kwa bidhaa ulizonunua kwa mwenzake. Alikuwa na desturi yake aliyoipenda kuliko kuuza. Hakukuruhusu uchague mashine kwa maneno. Alitoa ubao mmoja mbichi, akachora mstari wa chaki katikati, upande mmoja ukapigwa msasa na mashine hii, upande wa pili na ile. Kisha mtu aliyefungwa macho akapapasa na kutoa hukumu. Watu waliacha shughuli zao kuja kutazama. Na siku ambayo Fundi Shavu alikuwepo dukani, mwamuzi alikuwa nani mwingine?

Mzee akapiga hesabu yake njiani. Shavu litasema Kijivu. Iwe kweli isiwe kweli, litasema Kijivu, na mtaa utalinyamazia. Kipimo ataununua ukimya wa ile mashine bila kujua kwa nini, na hakuna atakayehitaji kusikia habari za vidole.

"Karibu Fundi, karibu Kipimo!" Waranti aliwapokea kwa mikono miwili. Mchomeaji naye alikuwa amewafuata, eti ananunua vijiti vya kuchomelea. Ubao ukawekwa, chaki ikapita. Waranti akamfunga mzee kitambaa machoni na kumkalisha kwenye kigoda. "Hakuna kuchungulia, mzee wangu."

Gizani mle, chini ya kitambaa kilichonukia sabuni, mzee alitega masikio. Zambarau ikawashwa kwanza, upande wa kushoto. Ilinguruma mpaka kigoda kikatetemeka chini yake. Ilipozimwa alimsikia Kipimo akiukung'uta mkono, mara moja, mara ya pili. Kisha Kijivu ikaanza, upande wa kulia. Kushoto Zambarau, kulia Kijivu, mzee akajikaririsha. Kulia.

Lakini ile sauti ya Kijivu, jamani. Ilikuwa chini, ya duara, kama mtu anayeimba kwa pua chumba cha pili akifua nguo. Mkewe aliimba hivyo enzi zile. Mzee akaifuata ile sauti kidogo tu, halafu kidogo tena. Akajiona amesimama mlangoni pa nyumba yao ya kwanza, jua limelala sakafuni, mwanamke kampa mgongo na mikono yake imo ndani ya povu. Akanyoosha vidole, akavitia kwenye lile povu, na povu likawa vuguvugu. Vilisikia! Kila kimoja kilisikia. Alitaka kusema jambo, akasahau ni jambo gani, akabaki amesimama pale na mikono yake majini.

"Fundi! Umelala?"

Watu walicheka. Mashine ilikuwa imezimwa zamani. Mzee akajikohoza, akainama mbele, na mkono wa Waranti ukamwongoza mpaka kwenye ubao.

Alilaza shavu upande wa kushoto. Laini. Akalilaza upande wa kulia. Laini. Akarudi kushoto, akarudi kulia, na shavu lake, ambalo halikuwahi kumwongopea tangu alipoliajiri, likamwambia bila kigugumizi kwamba pande zote mbili zilikuwa sawa. Zambarau ilikuwa imelainisha vizuri tu. Mbao haikuwa na malalamiko.

Mzee akapiga moyo konde, akaongopa. "Huu wa kulia," akasema. "Huu ndio kazi. Ule wa kushoto bado una mikwaruzo, mashine yake haifai."

Halafu duka zima likalipuka kwa kicheko.

"Fundi wangu," Waranti alisema huku akimfungua kitambaa, machozi ya kicheko yakimtoka, "wa kulia ni Zambarau! Ubao mara nyingine nauzungusha, kushoto kuwe kulia, ili mtu asiamue kwa sikio. Ulikuwa wapi nikiuburuta?"

Alikuwa kwenye povu, ndipo alipokuwa. Mzee akapepesa macho kwenye mwanga. Kipimo alimrukia shingoni kwa furaha. "Baba, hata ufungwe macho unaijua Zambarau yako! Na mimi asubuhi nikadhani umenigeuka. Mjomba, nipakilie tatu."

Mambo yalikuwa yamekwenda segemnege, na kwa mkono wake mwenyewe. Waranti akaanza kushusha maboksi ya zambarau. Mchomeaji akawa anawaeleza waliochelewa, na kila alipoeleza kisa kilinenepa. Mzee alisimama katikati yao na kitambaa mkononi, jina lake likiwa limepanda kuliko siku zote, akamtazama binti yake akifungua mkoba. Vidole vya Kipimo viliikosa zipu. Vikaikosa tena. Kipimo akainamisha kichwa, akaitazama zipu kwa macho, ndipo akaishika.

Mzee aliujua ule mtazamo. Aliwahi kuvitazama vifungo vya shati hivyo hivyo.

"Ngoja," akasema. Hakuna aliyesikia.

Akauchukua ubao, akaupindua. Upande wa nyuma haukuwa umepitiwa na mashine yoyote. Ulikuwa mbichi, umesimamisha vibanzi vyake. Mzee akaweka vidole vyake vya mkono wa kulia kwenye ncha moja ya ubao, akavikandamiza, na kuuvuta mkono mpaka ncha ya pili, polepole, namna ambavyo mtu humpapasa mgongo mtoto anayesinzia. Sauti iliyotoka iliwafanya walio karibu wanyamaze. Akainua mkono. Kibanzi kirefu kama njiti ya kiberiti kilikuwa kimezama kwenye kidole cha kati, na damu ilikuwa inashuka mpaka kiganjani. Usoni kwake hapakukunjika hata kope.

"Mzee, umeumia!" Waranti akaruka.

"Sijaumia," mzee akasema. "Ndiyo habari yenyewe hiyo. Sijaumia."

Boksi la tatu likabaki mikononi mwa Waranti. Mchomeaji alifungua mdomo, akaufunga, na wapo wanaosema hiyo ndiyo mara ya kwanza mtaa kumwona hivyo.

"Kipimo, nitazame. Nimesema uongo hapa. Pande zote za ule ubao ziko sawa. Shavu limeniambia ziko sawa, nami nikaongopa. Mbao haijui ni mashine gani imepita juu yake. Anayejua ni huyu aliyeishika." Akamnyooshea mkono wenye damu. "Hivi vidole vimekufa, mwanangu. Ni zile za ukutani zilizoviua. Shavu nalitumia kwa sababu sina kingine."

"Tangu lini?" Sauti ya Kipimo ilikuwa ndogo.

"Mara ya mwisho kuzisikia nywele zako, ulikuwa hujang'oa meno ya utoto."

Kipimo akatazama ule mkono, kisha akatazama uso wa baba yake, kisha mkono tena.

"Na wewe," mzee akasema, "leo asubuhi hukuulalia mkono. Usinidanganye. Nami nilimwambia mama yako hivyo hivyo."

Kipimo akauficha mkono wake chini ya aproni, upesi, kama mtoto aliyekutwa na sukari. Hapo mzee akajua kwamba ameona sawa. Wakamkalisha kwenye kigoda.

Waranti alileta kibanio na sindano. Kipimo alipiga magoti, akakiweka kidole cha baba yake kwenye mwanga na kuanza kukitoa kibanzi. Kilikatikia ndani. Ikabidi achimbe kwa sindano.

"Inauma, Baba?"

"Hapana, mama. Endelea."

"Na hapa?"

"Hata hapo."

Akachimba kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alitaka baba yake apige kelele, wote waliliona hilo, alitaka tu aseme ah. Mzee naye alifikiria kuongopa mara ya pili siku hiyo, apige kelele kidogo, amridhishe. Hakuweza. Kibanzi kilipotoka, Kipimo alikaa chini kwenye sakafu ya duka, mbele za watu, akalia kwa uchungu kwa sababu baba yake hakuumia.

Walirudi na Kijivu moja ndani ya sanduku lake la sifongo. Mchomeaji aliwabebea. Njiani akajaribu kuuliza kama na mikono nayo hutolewa waranti, lakini hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe hakucheka.

Nyumbani, mkewe Fundi Shavu alikuwa anakatakata vitunguu. Alisikiliza yote bila kuacha kukata. Mwisho akasema, "Hatimaye."

"Ulijua?" mzee akauliza.

"Mwanamume anaacha kukushika mkono, anaanza kukulazia shavu kama paka, halafu mkewe asijue? Nilijua kabla mtaa haujakupa jina."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ulisema?" Akamchapa begani kwa kitambaa cha vyombo, mara mbili, na si kwa mzaha. "Nilikukasirikia mpaka nikachoka. Nikasema ngoja nimwone atafika wapi na kiburi chake. Nikasahau kwamba nina mtoto karakanani humo humo." Akafuta macho kwa kiwiko. Akasema ni vitunguu, na hakuna aliyebishana naye. Kisha akalaza shavu lake juu ya shavu la mumewe, wakakaa hivyo mpaka sufuria ikaanza kuungua.

Kazi ya maktaba ikaanza. Kipimo alienda hospitali, akaambiwa aupumzishe mkono, naye akawa anafanya kazi kidogo na kupumzika, anafanya kidogo na kupumzika, na mzee ndiye aliyekuwa msimamizi wa mapumziko, mkali kama mwalimu wa zamu. Kijivu iliimba kwa sauti yake ya chini. Karakana ilikuwa tulivu kiasi kwamba ulisikia maranda yakiteleza. Wateja waliendelea kuja, hilo mzee hakulitarajia. Walitua viti vyao na kusema, "Nipitishie shavu," vile vile, ila sasa walipomwona ameinama walivua kofia.

Meza ya kwanza ilikwisha alasiri, wakati ule wa fimbo za jua. Kipimo alizima mashine. Vumbi likabaki hewani, likishuka polepole juu ya mbao ndefu iliyokuwa inang'aa.

"Pitisha shavu, Baba."

"Leo pitisha wewe vidole," mzee akasema. "Nisimulie."

Kipimo akaweka mkono wa kulia juu ya meza na kufumba macho, kama alivyomwona baba yake akifanya maisha yake yote. "Ina ubaridi," akasema. "Hapa kuna mshipa wa mti, unapanda, sasa unashuka. Hapa ni laini mpaka inateleza. Hapa kuna vumbi, nalisikia, kama unga." Mzee naye alikuwa amefumba macho. Kila alichoambiwa alikipata, ubaridi, mshipa, ule unga. Haikuwa ndotoni na wala hakuwa amelala. Alicheka peke yake.

"Unavisikia vyote hivyo kwa vidole vyote?" akauliza.

Sauti ya mkono juu ya mbao ikakoma.

Mzee akafumbua macho. Mkono wa mwanawe ulikuwa bado umelala juu ya meza, vidole vimetawanyika kwenye jua.

"Hiki kidogo hakijarudi, Baba," Kipimo akasema taratibu. "Vingine vyote vimerudi. Hiki kidogo daktari amesema labda hakitarudi."

Siku nyingi za kukaa kimya, na zote zilikuwa zimelipiwa na kidole hicho kimoja. Mzee alisogea. Alifuta vumbi kwa kiwiko, akainama polepole, akafumba macho, na kulaza shavu lake la kushoto juu ya kidole kile kidogo. Alitulia hivyo kwa muda mrefu, na hakusema kama kiko sawa.